Gunia la Kapita wa Barafu

Huku kwetu, kando ya ziwa Mweru, mtu akifunua sufuria akakuta bukari, ndiyo ugali, bila mboga anasema, "Gunia." Akingoja basi la Mansa tangu alfajiri, halafu basi likapita limejaa mpaka mlangoni, anasema, "Gunia." Na msichana aliyesifiwa kijana fulani na shangazi yake wiki nzima, siku kijana mwenyewe akitokea na shati lake la kuazima, hana haja ya hotuba. Anamgeukia shangazi, anatamka neno hilo moja, na shangazi anaelewa kwamba hapo hakuna harusi.

Si tusi, wala si neno la msiba. Aliyefiwa haambiwi gunia, na ukithubutu kumwambia utafukuzwa kwa mwiko. Gunia ni kwa ile huzuni ndogo inayokuja na kicheko mgongoni: ulitegemea kitu, ukatayarisha mikono, mikono ikapokea unyevu.

Asili yake wanaigombania kama nyama ya kiboko. Watu wa Kasenga, ng'ambo ya Congo, wanasema ni lao. Wavuvi wa Mofwe wanaapa lilitoka kwao. Mwalimu mmoja kutoka mjini alitueleza kwa saa mbili ubaoni, akachora mishale, na mimi nilimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, maana mimi ni mtu wa shule ya jioni na naheshimu chaki. Lakini neno hili najua lilipozaliwa. Najua kivuli kilikuwa kimelala upande gani. Nalijua kwa sababu mimi ndiye niliyelizaa, na mtu mwingine akalibeba kwa miaka kama kosa lake. Huyo ndiye ninayetaka mumjue. Tulimwita Kapita.

Kila kazi ilikuwa na kapita wake, yaani msimamizi, miaka ile ya hamsini: wa barabara, wa pamba, wa wapagazi. Huyu alikuwa kapita wa barafu. Mashua zilivuka kutoka Congo kuja kununua samaki wetu kwa ajili ya watu wa migodini, nazo zilileta barafu katika mapande makubwa kama milango. Barafu ilishushwa Nchelenge na kuwekwa ndani ya nyumba isiyo na dirisha, ya udongo mnene, iliyojazwa unga wa mbao kutoka kwa mafundi wa mitumbwi. Kapita ndiye alikuwa na ufunguo. Ukitaka samaki wako wafike sokoni wakiwa samaki, na si harufu, ulipitia kwake.

Mtu wa barafu, na hakuna mtu duniani aliyechukia baridi kama yeye. Mwezi wa kumi, jua limewaka mpaka mamba wanatafuta kivuli, Kapita alivaa koti la kijeshi lililofungwa vifungo hadi shingoni. Maji baridi hakunywa. Alikunywa chai ya moto, moto kabisa, nasema mimi niliyemwona akimimina kutoka kwenye birika linalochemka moja kwa moja mdomoni, na mvuke ukamtoka masikioni. Sawa, masikioni labda hapana. Lakini chai ilikuwa moto.

Barafu aliisikiliza. Alilaza sikio juu ya pande, akafumba macho kama mganga, halafu akatoa hukumu: "Hii itafika kesho. Hii itakufa leo mangaribi." Haikutokea akose. Wavuvi wazee waliokuwa hawamwamini hata padri waliliamini sikio lake.

Na alijua kufunga. Hapa siongezi chumvi, sina haja. Alilaza pande juu ya unga wa mbao, akalifunika kwa unga mwingine, akalizungushia majani ya ndizi, akalitia katika gunia, gunia akalitia katika gunia lingine, akalikaza kwa kamba ya magome. Fundo lake lilikuwa dogo, limejikunja kama mtoto aliyelala. Wakati wa kufunga hakujibu salamu ya mtu. "Funga mbele, sema nyuma," alituambia, na chifu mwenyewe alisimama pale akingoja fundo liishe ndipo asalimiwe. Mizigo iliyofungwa na Kapita haikukaguliwa na yeyote. Muzungu wa mashua alikagua samaki, akakagua mizani, nusura akague na meno ya wapagazi, lakini fundo la Kapita alilipita kama mtu anavyopita kanisa, kwa kugusa kofia.

Adui yake mkubwa alikuwa mlango uliofunguliwa bure. Siku moja muzungu huyo alimleta mgeni wake kuona barafu, wakasimama mlangoni wakiongea na kucheka, jua likiingia. Kapita aliwasukuma wote wawili ndani, akafunga kwa nje.

"Kapita! Fungua!"

"Mulango iko ya barafu, bwana," alijibu huku akipuliza chai yake. "Haiko ya macho. Mumalize kuona kwanza, njo nitafungua."

Walitoka wakitetemeka, na kazi yake hakupoteza, maana nani mwingine angefunga mizigo?

Lakini mama mwenye mtoto wa homa akija, mlango ule ule ulifunguliwa bila kuuliza saa. Kapita alivunja kipande, akakifunga kwa jani, akamkabidhi yule mama kwa makelele yote ya dunia: "Unanimalizia barafu! Unafikiri barafu inaota mu shamba? Kwenda! Muwekee ku kichwa, haiko ku mudomo!" Mama alipiga goti, akaenda. Alipokuwa amefika mbali, Kapita alinyoosha shingo kumtazama mpaka apotee. Kama mtoto alipona, mama alirudi na yai au mhogo, na hapo tena alifokewa.

Mimi nilikuwa mchuuzi wa samaki kwa kinga, ndiyo baiskeli kwa wale wasiojua raha. Nilikuwa na miguu kama ya pundamilia na mdomo kama wa redio. Jioni nilisoma katika shule ya watu wazima iliyofunguliwa kwenye banda la kanisa, na asubuhi Kapita alikuwa akiningoja. Kusoma hakujua, na vitabu alivicheka: "Karatasi haipozi samaki." Hata hivyo hakunipa barafu kabla sijajibu.

"Jana walikufundisha nini?"

"Miji ya pwani, Ba Kapita."

"Itaje."

Nikaitaja. Kesho yake aliitaja yeye yote, kwa mpangilio, kisha akanikosoa mji mmoja niliousahau. Nilipotaka kuacha shule kwa uvivu, alininyima barafu siku tatu, samaki wangu wakaoza, nikarudi darasani nikinuka. Cheti nilicho nacho ukutani leo, nusu yake ni ya Kapita, na nusu ya pili ni ya wale samaki.

Sasa nifike Mununga, ninakokukwepa tangu mwanzo.

Dada yake Kapita aliishi huko, mjane ambaye miguu yake ilikuwa imekataa safari. Alikuwa na binti, na binti huyo nilimwona sokoni akicheka, nikaanza kupeleka samaki Mununga hata siku ambazo Mununga ilikuwa na samaki wengi kuliko ziwa. Kwa desturi yetu, mtu wa kuamua ndoa ya msichana ni mjomba wake, ndugu ya mama. Kwa hiyo mwenye ufunguo wa barafu alikuwa pia na ufunguo wa maisha yangu. Kapita alikubali posa yangu kwa kunifokea, nikajua amekubali. Ila wazee wa Mununga walikuwa hawajanikubali. Walisema mdomo wangu ni mkubwa kuliko kichwa.

Wazee hao hao walimwita Kapita mwongo. Alikuwa amewaambia miaka mingi kwamba anachunga maji magumu kama jiwe, unayoweza kuyapiga kwa shoka. Wakacheka. Dada yake peke yake alimtetea, na yeye mwenyewe hajaona. Basi Kapita akaamua: dada ataona barafu kabla hajafa, na wazee wataona pamoja naye. Alitangulia kwa mtumbwi siku moja kabla ili akusanye watu baada ya ibada ya Jumapili. Mimi ningepanda kinga alfajiri na mzigo aliokwisha kuufunga.

"Usifungue," aliniambia kabla ya kuondoka. "Ata chifu akikuomba kuona, umwambie aende kwa mimi."

"Ba Kapita, mimi ni mutoto?"

"Mutoto ningemwamini."

Niliondoka nikiimba. Kijiji cha kwanza walikuwa wanachota maji, wakauliza nimebeba nini. Ningeweza kusema samaki. Mdomo wangu ukasema, "Jiwe la baridi la kuolea." Nani atasikia hivyo aniache nipite? Nikafungua kidogo tu. Wasichana walipiga mayowe, mzee mmoja alilamba akakaa chini. Sijawahi kuheshimiwa namna ile. Nikakata kipande wagawane, nikafunga, nikaenda. Kijiji cha pili habari ilikuwa imefika kabla yangu, sijui kwa miguu gani. Nikafungua. Kwenye kivuko cha Kalungwishi kulikuwa na watu elfu kumi wakingoja kuvuka, sawa, thelathini, ukihesabu na mbuzi. Nikafungua nikawahutubia. Unga wa mbao ulimwagika mtoni, majani ya ndizi yakachanika, nikafunga tena kwa haraka maana chombo kilikuwa kinaondoka.

Baada ya kivuko niliona jambo la ajabu: kinga imekuwa nyepesi. Nilipanda kilima bila kuhema. Naapa, nilifikiri ni mapenzi, kwamba kadiri ninavyomkaribia yule binti nguvu zangu zinaongezeka. Nyuma yangu njia yote ilikuwa na mstari mwembamba wa maji, na mimi nikipiga kengele.

Mununga walikuwa wamekusanyika mbele ya nyumba ya dada yake. Kapita alikuwa amesimama na koti lake, vifungo vyote, amempanga kila mzee mahali pake. Dada yake alikaa juu ya mkeka. Binti alikuwa nyuma ya mama yake, ameinamisha uso lakini macho hayakuinama. Nikashusha mzigo, nikarudi mbali pembeni na kuutazama mti. Ndivyo inavyotakiwa: mchumba hamtazami mama wa msichana usoni, hali chakula mbele yake, wala hafungui mdomo mbele yake, mpaka siku atakapoingizwa nyumbani rasmi kwa chakula na nyimbo. Mtu anayeongea mbele ya mama mkwe kabla ya siku hiyo hana mke.

Kapita alipiga magoti akashika fundo. Alilishika muda kidogo. Halafu akafungua, akaingiza mkono.

Waliokuwa nyuma walishindwa kuona, wakamuuliza mzee aliyekuwa mbele kabisa.

"Kuko nini?"

"Gunia."

"Na mu gunia?"

"Gunia ingine."

"Na mu ile ingine?"

Mzee akainama, akachungulia, akapekua. "Gunia tu," akasema.

Kicheko kilichoanza hapo nadhani kilisikika Congo. Watu walishikana mabega. "Gunia! Baba, ametuletea gunia!" Na mmoja akauliza kwa sauti kubwa, "Nani aliiharibu? Ni huyu wa kinga?" Nikasikia macho yote yakinigeukia shingoni. Mdomo wangu, ambao ulikuwa umehutubia mto mzima, sasa ulikuwa na sababu nzuri ya kufungwa. Mama mkwe yuko pale. Desturi ilinipa mahali pa kujificha, nami nikajificha.

"Hapana," Kapita alisema. "Haiko yeye. Ni miye. Nilifunga mubaya."

Yeye, aliyefanya chifu angoje fundo. Alisema hivyo mbele ya wale waliomwita mwongo.

Dada yake aliomba apewe lile gunia. Akalikunjua, akaliweka shavuni, akakaa nalo.

"Iko baridi," akasema. "Ndugu yangu hasemake uongo."

Nilioa. Neno likaolewa pia, na mitumbwi yote ya ziwa. Kabla ya mvua kwisha lilikuwa limetangulia mbele yetu Nchelenge. Wavuvi walifika kwenye nyumba ya barafu wakiuliza, "Ba Kapita, leo iko barafu ao iko gunia?" Naye aliwajibu, "Iko gunia. Leta samaki yako, uiweke ndani," kisha akafunga mizigo yao kama alivyofunga siku zote. Alilitumia hata yeye. Chai ikipoa: "Gunia." Mimi nikitaja miji nikasahau mmoja: "Gunia." Ukimsikia ungedhani ni jina alilojipa mwenyewe.

Ila kitu kimoja kilibadilika, na hicho ndicho kilichokuwa kinanila. Muzungu wa mashua naye alisikia hadithi. Kuanzia hapo kila mzigo uliofungwa na Kapita ulibonyezwa kwa kidole kabla haujapakiwa. Kidole kimoja tu, kama mtu anavyobonyeza papai. Kapita alisimama pembeni, mikono nyuma, akitazama ziwa mpaka kidole kimalize. Niliona jambo hilo asubuhi nyingi, samaki wangu mgongoni. Kila asubuhi nilijiambia: leo nasema. Siku mama mkwe aliponiingiza nyumbani kwa chakula na nyimbo, kisingizio changu kiliisha, nami sikusema. Nikapata mtoto, sikusema. Nilijifunza kuandika barua nzuri kabisa, nikamwandikia mtu asiyejua kusoma, nikaichana.

Miaka ikaenda. Wakaanza kusema kwamba magari yenye masanduku ya barafu yatakuja mpaka ufukoni na nyumba ya udongo haitakuwa na kazi. Wiki ile ile nikapata cheti changu. Nilikwenda nacho mchana, nikamkuta Kapita ameketi mlangoni, koti mabegani, birika pembeni. Nyuma yake, katika nyumba nzima, mlikuwa mmebaki mapande mawili.

"Soma," alisema.

Nikasoma cheti chote, pamoja na mhuri. Akaniomba nirudie jina langu. Nikarudia. Alitikisa kichwa kama mtu anayeonja mboga ikafaa.

Hapo nikaweka karatasi chini. "Ba Kapita, ile siku ya Mununga. Haukufunga mubaya. Ni mimi niliyefungua. Kijiji cha kwanza, cha pili, ku kivuko..."

"Fundo," akasema.

"Fundo gani?"

"Miye nafungaka kwa kushoto. Ile siku nilikuta kamba imefungwa kwa kuume, tena fundo mukubwa, kama ya mutu anafunga samaki ku kinga." Akamimina chai. "Nilijua mbele ya kutia mukono."

Nilikaa chini kwenye unga wa mbao. "Ulijua? Miaka yote hii? Na kile kidole cha muzungu?"

"Kidole haiumi."

"Juu ya nini ulisema ni wewe?"

Akapuliza chai, akanywa, akanitazama kana kwamba shule ya jioni imepoteza mafuta ya taa bure.

"Miye nilikuwa na muke tayari," akasema. "Weye haukukuwa."

Nililia, nasema ukweli, na unga wa mbao ukaniganda usoni mpaka akacheka. Kisha aliinuka, akalaza sikio kwenye mapande yale mawili, akachagua moja. Alifunga bila kusema neno: unga, majani, gunia, gunia, kamba. Fundo dogo, kwa kushoto. Akaufunga mzigo juu ya kinga yangu.

"Peleka kwa mama mukwe wako."

Hakunikataza kufungua.

Nilipanda. Kijiji cha kwanza waliuliza, "Unabeba nini, wa kinga?" Nikasema, "Gunia." Wakacheka, wakaniacha nipite. Kijiji cha pili, gunia. Kwenye kivuko walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, wengine walinikumbuka, wakanizunguka wakitaka hotuba. "Leo umeleta nini?" Nikasema, "Gunia tu, ndugu zangu," wakapiga makofi ya huzuni, wakageuka kutazama mbuzi. Kilima kile nilikipanda nikihema kama ng'ombe. Kinga ilikuwa nzito mpaka mwisho.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka ule ule. Nilimfungulia mwenyewe, sasa ninaruhusiwa. Pande lilitoka zima, linatoa moshi wa baridi juani. Aliligusa, akaondoa mkono, akarudisha. Akanitaka nilinyanyue juu alione jua kupitia ndani yake, nikalinyanyua mpaka mikono ikafa ganzi na maji yakanitiririka makwapani. Wazee walikuja mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka. Alikaa na barafu ile mchana kutwa, akiwapa watoto wa jirani vipande, na kilichobaki akakiacha kiishe kwenye kiganja chake. Jioni aliniita.

"Mwambie ndugu yangu nimeona," akasema. "Na umwambie ile gunia ya kwanza ilikuwa baridi zaidi."

Nilirudi Nchelenge, nikamkuta Kapita akifagia nyumba tupu, nikamfikishia maneno hayo kama yalivyo. Mimi, ninayeongeza chumvi hata kwenye salamu, sikuongeza hata neno moja.